Mwaka Nilioshona Mipira Chumbani

Tumemzika mdogo wangu Donat, na kwenye kilio watu walinitaka niseme neno. Kwetu Lubumbashi kilio si machozi tu. Watu huketi siku kadhaa kwenye viti vya kuazima, hula, hucheza karata, na kila mmoja hueleza marehemu alikuwa nani kwake. Walikuwa tayari na hadithi yao juu yangu na Donat: kaka mkubwa alishikwa na ugonjwa wa woga, akajifungia ndani, akatafuta kazi halali ya kufanyia chumbani, mambo yakanyooka. Waliisimulia vizuri sana, hata mimi ningeipenda kama ingemhusu mtu mwingine. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema Mungu amlaze pema, nikaketi. Walidhani uchungu umenizidi. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini kilichonikalisha chini ni aibu, na aibu hiyo ina mwaka wake. Nitaueleza mwaka huo tu.

Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, mji ungali ukiitwa Elisabethville, nasi tukikaa mtaa wa Kenya, ambao na nchi ya Kenya havijuani isipokuwa kwa jina. Tulipanga chumba kimoja uani kwa Mama Feza, mjane mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Chumba kile naweza kukichora hata leo nikiwa nimefumba macho. Mlikuwa na kitanda cha chuma nilicholalia mimi, mkeka wa Donat uliokunjwa mchana nyuma ya mlango, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha dogo lililotazama bomba la maji la mtaa mzima. Donat alikuwa anasoma kwa mapadri, katika darasa la wale waliotayarishwa kuwa walimu. Mimi nilikuwa fundi wa mikanda katika karakana moja mjini. Mashine za siku zile nyingi zilizungushwa na mikanda mirefu ya ngozi iliyoteremka kutoka kwenye mhimili mmoja juu ya dari, na mkanda ukichanika mimi ndiye niliyeushona. Nilijivunia kazi ile. Siku moja mkanda nilioushona mimi, na mtu mwingine akaukaza kupita kiasi, ulikatika, ukapita karibu na sikio langu, ukapiga ukuta wa bati nyuma yangu kwa mshindo. Sikupata hata mkwaruzo. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao, tukaendelea na kazi.

Baada ya siku chache king'ora cha asubuhi kililia, na mimi, nikiwa njiani, nikashindwa kupumua. Kifua kilijifunga, vidole vikafa ganzi, magoti yakaacha kuwa yangu. Nilirudi nyumbani nikishikilia nyua za watu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa sikufika hata nje ya ua. Mganga wa zahanati alinisikiliza moyo akasema ni moyo wa ng'ombe, niende kazini. Mjukuu wangu muuguzi huniambia leo kwamba ule ni ugonjwa wa wasiwasi, una jina, una dawa, na si kosa la mtu. Namshukuru. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na jina, na mimi niliwajua wanaume waliokatwa vidole na kurudi kazini wakiwa na bendeji. Mimi niliyekuwa na vidole vyote nilikuwa kitandani. Hapo ndipo hatia ilipoanza kukaa nami, ikala nami na kulala nami, na sitadanganya kwamba imeshahama.

Karakana ikaniachisha. Na mwanaume Mwafrika asiye na mwajiri hakuruhusiwa kukaa tu mjini. Alipewa muda, na muda ukiisha anapandishwa lori kurudi alikotoka, kwangu ingekuwa upande wa Kasomeno. Donat hakunishauri. Siku moja alirudi saa ambayo wanafunzi hawarudi, vitabu vyake vimefungwa kwa kamba, akaviweka juu ya sanduku na kusema amepata kazi ya kusukuma vigari kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba. Sasa nyumba ilikuwa na mfanyakazi, kodi ya Mama Feza ingelipwa, na mimi ningeweza kuonekana kama ndugu mgonjwa anayeuguzwa.

"Ni ya muda, Yaya," aliniambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa hivyo. "Mpaka utapona tu. Nilisemezana na mon père wa ku masomo, banaweza kuniwekea kiti mpaka masomo ianze tena."

Masomo yangeanza tena mwezi wa tisa. Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya kichwa changu mwaka mzima: nipate kazi ya halali, inayotambuliwa na ofisi ya mtaa, kazi ambayo naweza kuifanya bila kutoka nje ya ua, kabla mapadri hawajampa mtu mwingine kiti cha mdogo wangu. Kuisema ni rahisi. Mwanaume angefanya kazi gani chumbani? Wanawake walipika mikate, walisuka nywele, walitengeneza kinywaji cha munkoyo. Mwanaume wa Elisabethville alikuwa ni mtu anayetoka asubuhi.

Na Donat alitoka mapema kuliko wote. Aliamka giza halijaisha vizuri, akaniwekea maji ya kunywa karibu, akaenda, wakati wenzake wa kiwandani waliokaa mtaa wetu wakiwa bado wanajinyoosha. Mimi nilimsifia bidii. Jioni alirudi na uso wa kijivu, amebeba unga na wakati mwingine samaki mkavu wa Kasenga, nami nilikuwa nimeshawasha moto uani. Nilisonga bukari, ndio ugali wetu, tukala sahani moja, na kila mara kipande kikubwa cha samaki kilisogea upande wangu. Nikikirudisha, anakisukuma tena kwa kidole, akiendelea kunieleza vichekesho vya kazini, nani ameangusha kigari, nani amelala chooni msimamizi akamtafuta. Nilicheka na kula kile kipande. Baada ya chakula nilikuwa nachukia mdomo wangu.

Dirisha halikunisaidia. Wanawake waliokuja kuteka maji hawakujua, au walijua vizuri sana, kwamba sauti zao zilifika kitandani kwangu.

"Ule muntu eko anagonjwa nini?" aliuliza mmoja.

"Ee, anakula, analala, eko muzima," akajibu mwingine. "Mutoto njo anatumika, mukubwa anabakia mu nyumba sawa bibi arusi."

Walicheka, ndoo zikajaa, wakaondoka. Nilitaka kuwakasirikia nikashindwa, maana hawakusema lolote ambalo mimi sikuwa nimejiambia tayari, tena kwa maneno mabaya zaidi.

Wa kwanza kuniletea kazi alikuwa Mama Feza mwenyewe. Aliingia na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, akaketi kwenye sanduku juu ya vitabu vya Donat, akapunguza ile sauti yake nzito. Kila mtu uani alijua kwamba Mama Feza alipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayochemshwa na kukingwa tone kwa tone, na ambayo serikali iliikataza kabisa.

"Mutoto wangu, weye hautokake," alisema. "Polisi anapendaka nyumba yenye haina muntu. Uniwekee tu machupa yangu chini ya kitanda, ulale juu. Nani atamuinua mugonjwa? Pesa yangu itafunga macho ya ofisi, na mutoto atarudia ku masomo mbele ya mwezi kuisha."

Nilikataa. Mama Feza akasema mama yangu alizaa mtu mwenye roho safi, na kesho yake habari ya roho yangu safi ikawa imefika bombani. Ukweli ni kwamba alipokuwa anaongea niliona askari mlangoni kwa macho yangu, nikasikia buti zake. Sikukataa kwa uaminifu, nilikataa kwa woga. Kwa bahati nzuri mwaka ule mambo hayo mawili yalielekea upande mmoja. Lakini usiku nilimsikia Donat akijigeuza kwenye mkeka, nikajua kwamba neno moja la ndiyo lingemrudishia dawati lake, na kwamba nimelimeza.

Nilianza na viatu vya majirani. Nilikuwa na sindano zangu nene za karakana, nta na uzi, nikashona kandambili na mikanda ya mifuko. Walinilipa mkaa, mihogo, kipande cha kikanda, ule mkate wa mizizi ya porini. Kazi ya namna hiyo haikuwa na maana ofisini. Ndipo jioni moja Donat akaja na kitu kimefungwa kwenye shati lake la kazi.

"Yaya, angalia hii mupira. Ni ya ekipe ya kule ku kazi. Ilipasuka, na Mzungu mwenye kutengeneza mu ville anaikalia mwezi muzima."

"Mi najua mikanda," nikamwambia. "Mupira siyui."

"Ngozi ni ngozi."

Nilifurahi namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu king'ora kile. Niliushona kwa siku mbili, nikaushona kama mkanda wa mashine: ngozi juu ya ngozi, mshono nje, uzi umevutwa kwa goti mpaka unalia. Mkanda wa namna hiyo ungezungusha kinu miaka mitano. Mpira ulitoka na nundu zilizouzunguka kama uzio, mgumu kama jiwe la kusagia, nami nikauona mzuri. Jumapili ilipofika nilikaa dirishani. Uwanja haukuwa mbali, na mechi niliisikia yote kwa masikio: makelele yakipanda, halafu, badala ya shangwe, kicheko kikubwa cha watu wengi. Kikapanda tena kicheko. Mpaka leo nikisikia uwanja unacheka redioni naizima.

Kesho yake akaja Karani Bonifasi. Alikuwa karani wa ofisi ya mtaa na mwandishi wa timu ile, mtu wa suti nyeupe na kalamu mbili mfukoni. Aliuweka mpira mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Monsieur, hii njo nini? Bachezaji banaenda kuume, mupira inaenda kushoto. Gardien wetu wa goli, mikono yake iko sawa bale balipigwa fimbo ya chicote. Balitufunga juu yako."

Nilitetemeka, lakini nilikuwa natetemeka hata siku za kawaida, kwa hiyo sikuona tofauti. Nikamwomba aniletee mpira mwingine mbovu kabisa, ambao hautakiwi tena. Alinuna, akala bukari langu, akauleta. Niliufumua mshono baada ya mshono, na ndani nikaona kile ambacho fundi wa mikanda hawezi kukifikiria: mpira hushonwa ukiwa umegeuzwa, tumbo nje, kisha hupinduliwa kupitia tundu dogo lililobaki, na mshono unajificha ndani. Mimi maisha yangu yote nilifundishwa kwamba mshono mzuri ni ule msimamizi anaouona kutoka mbali. Nilirudia. Nikaharibu, nikarudia. Jumapili iliyofuata uwanja haukucheka, na Bonifasi alikuja na mipira ya timu nyingine, akajikaribisha tena bukari.

Kazi ikaja. Ikabaki ofisi. Ili niandikwe fundi anayejitegemea ilinibidi nifike mwenyewe mbele ya msimamizi Mzungu wa mtaa, aniulize maswali, aweke muhuri. Donat aliomba ruhusa kazini ili anisindikize. Nilivaa shati aliloniazima, tukatoka uani, tukafika bombani, na pale pale, mbele ya wanawake wote wenye ndoo, kifua kikajifunga. Donat hakunivuta. Alisimama upande wa wale wanawake ili wasinione vizuri, akaniambia tutajaribu siku nyingine, akanirudisha. Mshahara wa siku ile walimkata. Nilijilaza nikatazama ukuta, naye akawasha moto na kusonga bukari, akinisimulia kichekesho kingine.

Bonifasi ndiye aliyeipindua habari. Alikuwa na mipira mitatu mezani kwangu na mechi kubwa inakuja, na sidhani kama alinihurumia. Msimamizi alikuwa na desturi ya kuzunguka mtaani kukagua nyua, na Bonifasi ndiye aliyepanga njia. Asubuhi moja wakatokea uani kwetu, Mzungu mrefu mwenye kofia ngumu, Bonifasi na daftari lake nyuma. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni na mpira mapajani, sindano mkononi, na kwa kuwa sikuweza kusimama niliendelea kushona. Mzungu alidhani ni bidii. Aliuchukua mpira uliokwisha, akaudundisha, na kama wanaume wote akashindwa kujizuia: akaupiga teke. Ulivuka ua mzima, ukaingia moja kwa moja kwenye jiko la Mama Feza. Akaanza kuufuata. Kila mtu uani aliacha kupumua. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa peke yangu.

"Bwana, usijisumbue," Mama Feza alisema, akiwa tayari amesimama mlangoni pa jiko na upana wake wote. "Mule mweko moshi, utachafua nguo yako muzuri. Mi mwenyewe nitaleta."

Aliuleta, ameufuta kwa kanga yake, akampa kwa mikono miwili na goti limepigwa. Mzungu alinusa hewa kidogo, akanitazama mikono, akasema bon, yaani vyema, Bonifasi akaandika. Karatasi yenye muhuri ililetwa baada ya siku chache. Mwezi wa nane ulikuwa unaisha.

Nilimwonyesha Donat jioni ile. Nilikuwa nimepika kuku, kuku mzima, aliyetoka kwa Mama Feza kwa heshima ya jiko lake kunusurika. Nilimwambia sasa arudi kwa mapadri, chumba nitakilipia mimi. Alisoma karatasi, akaikunja vizuri, akala kwanza.

"Masomo ingoje, Yaya," akasema. "Mi nimezoea kule. Na weye kazi yako ingali mutoto muchanga. Ikianguka?"

Nilibisha kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Moyoni kitu kililegea, kwa vile kama amezoea, basi sikumharibia sana, na mshahara wake ungebaki nyumbani. Nililala vizuri usiku ule, na kulala kule vizuri nakukumbuka kuliko usiku wowote wa kukesha.

Asubuhi iliyofuata aliondoka mapema kama kawaida yake, akasahau bakuli lake la chakula mezani. Lilikuwa na mapaja ya kuku, yote mawili. Nilikuwa nimeyaweka humo kwa mkono wangu. Nililitazama. Nilifikiri atakavyoshinda njaa akisukuma vigari baada ya kunipa mwaka wake, nikalichukua, nikatoka. Sikutoka kwa ushujaa. Nilitoka kabla sijafikiri, na nilipoanza kufikiri nilikuwa nimeshapita bomba na kurudi ilikuwa mbali sawa na kwenda. Nilitembea nikishika nyua, kisha miti, kisha ukuta wa matofali. Nilisimama mara nyingi. Nilifika karibu na lango la kiwanda nikiwa nimelowa jasho, na hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja bado isipokuwa mlinzi. Nikajiuliza Donat yuko wapi, maana aliondoka zamani.

Nilimwona nyuma ya ukuta, upande ambao mlinzi haoni. Alikuwa amechuchumaa, mgongo umeegemea matofali, mikono imeshika magoti, na anapumua kwa mdomo wazi, vifupi vifupi. Mbele yake ardhi ilikuwa imelowa matapishi. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Nilikuwa namwona mtu nimjuaye kuliko ninavyojua uso wangu. Nilichuchumaa karibu naye na bakuli langu. Aliponiona alijaribu kucheka, akashindwa, kisha akashangaa.

"Yaya, umefika mpaka huku?"

"Tangu lini hii?" nikamuuliza.

Alifuta mdomo.

"Tangu siku ya kwanza. Nakuyaka huku mapema, nangojea ipite, halafu naingia. Inapitaka."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Weye ulikuwa tayari chini. Tukilala babili, nani atanunua bunga?"

King'ora kikalia. Tuliruka wote wawili, kwa wakati mmoja, kama watu waliofungwa kamba moja. Wafanyakazi walianza kupita kuelekea langoni, na Donat akanyanyuka, akajipangusa magoti, akanyoosha mkono achukue bakuli. Sikumpa. Nilimwambia leo haingii, na kwamba nasema kama mkubwa wake, na hilo lilikuwa jambo la kwanza nililomwamuru tangu mwaka uanze. Alibisha, nikamshika mkono, tukarudi nyumbani polepole kwenye jua, tukipishana na wanaume wote wa Elisabethville waliokuwa wanakwenda kazini.

Mwezi wa tisa Donat aliketi tena kwa mapadri, akawa mwalimu, na kwenye kilio wanafunzi wake wenye mvi walinishika mikono wakanishukuru kwa kumrudisha darasani. Ni kweli nilimrudisha. Mwaka ule mzima nilijua kila mtetemeko wa moyo wangu, nilijua unaanza saa ngapi na unaishia wapi, nikaweza kumweleza yeyote aliyeuliza. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa, na asubuhi hata moja sikumuuliza amelalaje.